Makumbusho na kumbukumbu gani duniani ukifika hujutii? Naanza na mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria aliyeko Berlin

mwana_mtama

Wakuu habari zenu. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu asije akalalamika mbele.

Humu ndani kila mtu akiuliza "nasafiri naenda nje, nitembelee wapi" majibu ni yaleyale, mnara wa Eiffel, Big Ben, uwanja wa Arsenal, ukimaliza kapige picha na maua. Sawa, sina ugomvi na maua. Ila leo naomba tuongelee makumbusho na sehemu za kumbukumbu, zile ambazo ukitoka unatoka na kitu kichwani. Kigezo changu ni kimoja tu na najua mtanipinga: mahali panifae inabidi paniambie hicho kitu kilifikaje hapo na nani alikibeba. Kama ni kabati la kioo na kibao kimeandikwa "Afrika Mashariki, karne ya 19" halafu basi, hiyo kwangu ni stoo yenye taa nzuri.

Naanza na Berlin kwa sababu mimi ni mtu wa Lindi na nina ndugu yangu kule, ndugu mwenyewe ana futi mia tatu za mkia na hasemi kitu (natania mkia, msije na rula).

Makumbusho yenyewe ni Museum für Naturkunde. Unapanda treni ya U6 unashuka kituo kinaitwa hivyohivyo Naturkundemuseum, Jumatatu wanafunga msijisumbue. Ukishaingia ukumbi mkubwa unakutana naye, mjusi wa Tendaguru. Kwenda juu ni mita 13.27, hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa inayoizidi kwenda juu duniani kote. Mfupa wa mkono wa mbele kutoka begani mpaka kwenye kiwiko peke yake umezidi mita 2, nilisimama pembeni yake nikawa kama mtoto wa chekechea aliyekuja kuandikishwa. Kitaalamu anaitwa Giraffatitan brancai, zamani walikuwa wanamuita Brachiosaurus, ni wa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Na si mnyama mmoja ule, wameunga mabaki ya zaidi ya mmoja, na kichwa kilichoko juu ni nakala maana cha kweli ni kizito.

Sasa stori ya kilichomfikisha. Tendaguru ni kilima, kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya Lindi mjini. 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba pale, walioanza kuongoza msafara ni Werner Janensch na Edwin Hennig, wakatoa zaidi ya tani 200. Tani 200 hizo hazikupanda lori, lori la nani Lindi ya 1909? Mifupa ilifungwa kwa plasta na udongo, mingine ikazungushiwa mianzi, ikabebwa na watu vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne kwa miguu mpaka bandarini, ndo meli ikachukua. Na mnakumbuka Majimaji ilikuwa 1905 mpaka 1907, maghala yalichomwa, mashamba yalichomwa, njaa ikapita ikamaliza vijiji. Mtu ametoka kwenye hali hiyo miaka miwili tu nyuma, anaitiwa kibarua na serikali ileile iliyomchomea ghala, atakataa ale nini?

Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Huyu ndiye alikuwa mkono wa kulia wa wale wazungu kwenye kuchimba, anajua jiwe gani ni jiwe na jiwe gani ni mfupa. Mjusi alisimamishwa 1937 akapigwa picha na dunia nzima, Boheti akabaki kwenye madaftari. Mpaka 2007 ndo dinosaria mwingine wa hukohuko Tendaguru akapewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake, karibu miaka mia imepita. Na niwaambie kitu, mpaka leo kwenye stoo zao kuna mizigo ya mianzi ya Tendaguru ambayo haijawahi kufunguliwa, siku hizi wanaipiga picha za mashine kuangalia ndani kuna nini kabla hawajaigusa.

Ntarudi na Berlin sehemu ya pili maana kuna jiwe moja dogo barabarani ambalo kwangu limemshinda hata mjusi. Kwa sasa leteni zenu. Mahali, mlichoona, na kilifikaje pale.

Kiroboto_wa_Buguruni

Mkuu umeandika vizuri ila mi makumbusho yananiboa kinoma, shule walitupeleka tukaambiwa usiguse, usiguse, usiguse, tukarudi. Halafu hizi za makaburi na mauaji ndo sielewi kabisa, yani mtu unakata tiketi ya ndege unaenda kulia kwa hela yako mwenyewe? Si ubaki nyumbani uangalie salio lako la benki, machozi yatakuja bure.

mwana_mtama

Hahaha Kiroboto kaa hapohapo usiondoke, wewe ndo nakuhitaji.

dada_wa_Remera

Kiroboto nakujibu mimi, niko Kigali huu mwaka wa kadhaa kikazi, mwenyewe kwetu Ngara.

Gisozi, Kigali Genocide Memorial, hakuna tiketi. Kuingia bure, ukitaka kile kifaa cha kusikilizia maelezo masikioni unalipia, na ukitaka kuchangia unachangia. Palifunguliwa 2004 ikiwa miaka kumi tangu mauaji ya kimbari. Wamezikwa pale watu zaidi ya 250,000. Soma tena hiyo namba. Na nje ni bustani, kimya, maua ya waridi, juu ya hayo makaburi ya zege mapana hamna mbwembwe yoyote, unaona mji wa Kigali ng'ambo ya pili unaendelea na shughuli zake.

Wewe mleta mada unasema kilifikaje. Pale wanakuonesha ilifikaje, haikuanza Aprili 1994. Wanaanza na vitambulisho vya ukabila vya Wabelgiji miaka ya 30, redio, magazeti, orodha za majina, mapanga yaliyoagizwa, hatua kwa hatua mpaka unachoka. Ndo faida yake kuliko kuangalia filamu.

Ila nikwambie ukweli chumba cha juu cha watoto mimi nimeingia na siingii tena. Ni picha kubwa za watoto, chini ya kila picha kibao kidogo: umri, chakula alichopenda, mchezo, rafiki yake wa karibu ni nani, halafu mstari wa mwisho wameandika aliuawaje. Unasoma mtoto alipenda chipsi au maziwa au kuendesha baiskeli, kama mwanao kabisa, halafu macho yanashuka mstari wa mwisho. Nimepeleka wageni wengi, wanaume wenye vifua, wote wanatoka wanatafuta pa kukaa.

Nyamata nayo iko kusini ya Kigali mwendo wa gari usiozidi saa moja, ni kanisa, watu walikimbilia wakidhani hawataguswa mbele ya altare. Nguo zao zimelundikwa kwenye mabenchi mpaka leo. Nyamata, Murambi, Bisesero na Gisozi zote nne ziliingia urithi wa dunia wa UNESCO Septemba 2023.

Ushauri: usiende na safari nyingine siku hiyohiyo. Watu wanapanga asubuhi Gisozi, mchana nyama choma, usiku muziki, sijui wanawezaje. Picha usipige ndani hovyo, uliza kwanza. Watoto wadogo waacheni nyumbani. Na kuanzia 7 Aprili ni Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji yale, wiki hiyo nchi nzima ina utaratibu wake, mgeni heshimu.

Kiroboto_wa_Buguruni

Aisee. Dada samahani ile ya salio naifuta moyoni.

msee_wa_Voi

Wasee mimi niko Chicago huku nasukuma maisha na ntawaambia kitu kitawauma Wakenya wenzangu. Kumbuka wale simba wa Tsavo, wale wawili waliokula wajenzi wa reli 1898 mpaka kazi ya daraja ikasimama? Wako huku. Field Museum, kando ya ziwa Michigan, ndani ya kioo. Mimi mtu wa Voi nimetoka kwetu nimekuja kuonea simba wa kwetu kwa baridi ya Januari.

Walifikaje sasa, kwa kigezo cha mleta mada. Patterson yule injinia aliwapiga risasi Disemba 1898, akawageuza mazulia. Mazulia kabisa, ya kukanyaga, miaka ishirini na tano. 1924 akaiuzia makumbusho ngozi na mafuvu kwa dola 5,000. Fundi wa kule akahangaika kuzitandaza upya kwenye umbo la simba, lakini zulia limekatwa limekwisha, ndo maana ukiwaona wanakaa wadogo na ni kama wamechoka, ukiangalia kwa karibu ngozi imeungwaungwa na hawana manyoya ya shingo kabisa. Watu wengi wanadhani ni simba jike. La, ni madume, Tsavo kuna madume wengi bila manyoya.

Patterson mwenyewe alikuja kusema waliliwa watu 135. Wanasayansi walipopima kemikali za mifupa na nywele za wale simba wakapata kama 35. 2024 wakatoa nywele zilizokwama kwenye matundu ya meno ya simba hao wakapima DNA, wakakuta twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia, na binadamu. Hio ya binadamu ilinikaa sana. Yule kibarua wa reli, wengi walikuwa Wahindi, jina lake hakuna aliyeandika, nywele yake iko Chicago kwa jino la simba.

Pale wanaeleza vizuri habari ya simba, habari ya wajenzi wa reli kidogo tu. Kwa hio kwa mtihani wako nawapa nusu.

PwaniKwetu

Msee wa Voi na vigango je, umesahau? Hao Wamarekani walikuwa na vigango vya Wagiriama chungu nzima, na kigango si pambo jamani, ni mzee wa mtu, mzee wa Gohu akifa anachongewa kigango na chakula na pombe anamiminiwa. Vijana wakavinyofoa mabomani wakauza kwa madalali wa watalii, miaka ya 70, 80, vikaenda mpaka kwenye majumba ya waigizaji. Mavuno yakikosa, mtoto akiugua, nyumba hiyo inajua kwa nini. Makumbusho ya Denver yalirudisha 30, Illinois nao wakarudisha, kidogokidogo vinakuja.

Na Wapokomo ngoma yao Ngadji ilinyang'anywa na Waingereza 1902, iko British Museum London, tena si ukumbini, stoo. Kwa hivyo ukienda London ukakata foleni ya British Museum na kuingia bure unafurahi, kumbuka hata ulichokiendea hukioni.

Mimi yangu ni fupi: Mkunazini, Unguja. Soko la watumwa lilifungwa 1873 na kanisa la Anglikana likajengwa juu yake. Nje kuna shimo na sanamu tano za watu wa zege, wamefungwa minyororo shingoni, ni kazi ya msanii wa Uswidi Clara Sörnäs, 1998. Minyororo inayoning'inia ni ya kweli, ya enzi ile. Watu wanapitia pale wakienda ufukweni na kofia zao za majani, dakika kumi, wameondoka. Kaeni. Mwenyeji wa pale atakwambia mengi kuliko kitabu.

fundi_saa

@PwaniKwetu umesema kweli, tena Zanzibar ukifika sasa hivi Beit al Ajaib huingii, ile Jumba la Maajabu ya Sultan Barghash ya 1883, sehemu yake ilianguka 25 Disemba 2020 na watu wakafariki. Mimi niko Muscat, hapa makumbusho ya taifa yalifunguliwa 2016, jengo linang'aa kweli, mbele yake kasri ya Al Alam, habari za Zanzibar na za bahari zimo. Nusu ya wazee wanaokuja pale na wajukuu wanaongea Kiswahili kizuri kunizidi. Ila kwa mtihani wako mleta mada habari ya utumwa unaitafuta kwa tochi. Nimemaliza.

Bukavu_Bruxelles

Jambo wandugu. Kiswahili yangu ni ya Bukavu mutanisamehe, niko Ubelgiji tangu kitambo.

Mahali yangu ni Tervuren, hapa karibu na Bruxelles, unakamata tramu 44 pale Montgomery, inapita ndani ya pori nzuri sana, mwisho wa laini umefika. AfricaMuseum. Kwanza nataka museme ukweli, hiyo nyumba ni nzuri, mtu akiingia anasahau ni pesa ya kauchu (mpira) na ya mikono ya watu. Mfalme Leopold wa Pili ndiye alianzisha hayo mambo. 1897 alifanya maonyesho pale Tervuren, akaleta Wakongo 267, akawajengea vijiji vya kuigiza kando ya ziwa, Wabelgiji zaidi ya milioni wakakuja kuwaangalia. Watu, si wanyama, munasikia. Ile kiangazi ilikuwa mvua na baridi. Saba walikufa. Makaburi yao iko kando ya kanisa ya Tervuren, unaweza kwenda kwa miguu kutoka museum, na watu wengi hawaendi kwa sababu hakuna tiketi ya pale. Majina: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Mimi nikienda nayasoma kwa sauti, yote, halafu naenda zangu.

Ndani kuna ukuta ya ukumbusho, majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Congo. Ya Wakongo hata moja. Walipofunga 2013 kutengeneza na kufungua tena Disemba 2018, ule ukuta hawakuweza kuutoa maana jengo linalindwa na sheria. Sasa walimuita Freddy Tsimba, msanii wetu wa Kinshasa, akaandika majina ya wale saba kwenye vioo ya dirisha iliyo mbele. Jua ikitoka, kivuli ya majina inaangukia juu ya majina ya Wabelgiji, inatembea polepole kufuatana na saa. Jua ikikosa hakuna kitu, na Ubelgiji munajua jua yake. Kwa hiyo musiende siku ya mawingu, angalieni hali ya hewa kwanza, sifanyi mchezo.

Tena zile sanamu za aibu, kama yule mtu wa Aniota amevaa ngozi ya chui anamurukia mtu amelala, wameshusha chini kwenye chumba kimoja zote pamoja. Wengine wanasema wangezivunja. Mimi nasema hapana, ziache pale, mtoto wangu aone walivyotufikiria.

Juni 2022 mfalme Philippe alileta mask ya Kakungu, ya Wasuku, kwa musée mpya ya Kinshasa. Lakini kwa mkopo! Kitu yako wanakukopesha. Mwezi huohuo ndiyo walirudisha jino ya Lumumba.

mwana_mtama

Bukavu_Bruxelles asante sana, hiyo ya kivuli sikuwa naijua na nimeshaiweka kwenye ratiba. Huo ndo mtihani wenyewe watu wangu: ukuta umebaki, ila mtu akaja akauongezea waliosahaulika.

Bukavu_Bruxelles

Nimesahau moja. Mukienda Hiroshima (mimi nilienda kwa kazi), yule jumba la kuba lililobaki mifupa, na museum ndani ya bustani, yen 200 tu mtu mzima. Saa ya mkono imesimama 8:15. Baiskeli ya mtoto ya miguu mitatu imekula kutu, mtoto alikuwa na miaka 3, baba yake alimuzika nayo kwa bustani ya nyumba asijisikie peke yake, akaifukua 1985 akaitoa. Mimi nilikuwa naangalia huku nafikiri Shinkolobwe. Uranium ya ile bomu ya atomiki sehemu kubwa ilitoka Katanga kwetu, Shinkolobwe, wamechimba watu wanaongea hii Kiswahili tunaandika hapa. Pale Hiroshima sikuona mtu anayezungumzia wachimbaji. Ni museum bora nimewahi kuona, lakini kwa swali yako, nani alibeba, jibu liko Katanga na Katanga hakuna kibao.

Kiroboto_wa_Buguruni

Huu uzi umenikalisha. Nimefungua kwa kutania sasa naona chai imepoa.

mdau_DMV

Mi niko Maryland, ngoja niwape Washington. Makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi, NMAAHC, yalifunguliwa 24 Septemba 2016, bure, ila unatakiwa uchukue pasi ya muda mtandaoni mapema hasa wikiendi. Na kabla hujaingia jua kwamba aliyeongoza usanifu ni David Adjaye, wazazi Waghana lakini kazaliwa Dar es Salaam, baba alikuwa mwanadiplomasia. Kwa hiyo Muhimbili au wapi sijui ila ni mtoto wa mjini yule, tujisifu kidogo.

Unashushwa na lifti kubwa kwenda chini kabisa, ukutani miaka inarudi nyuma, mpaka karne ya 15, halafu unapanda kwa miguu kuja juu. Chini kule kuna giza na watu wanasukumana kidogo. Tafuta vyuma vya São José. Ni meli ya Wareno, ilitoka Kisiwa cha Msumbiji Disemba 1794 imebeba watu zaidi ya 500, inaenda Brazil, ikazama karibu na Cape Town tarehe 27 mwezi huohuo, waliokufa ni 212 na waliookolewa wakauzwa palepale Cape Town. Vile vipande vya chuma vilivyopo kwenye kioo, vizito, vina kutu, unaweza kudhani ni vyuma chakavu vya Gerezani, vilikuwa vya kuipa meli uzito chini isiyumbe. Sababu watu ni wepesi kuliko shehena ya kawaida, na shehena ya watu inakonda njiani. Mhasibu wa meli alishaipigia hesabu hiyo. Wengi wetu tukisikia utumwa wa Marekani tunafikiria Ghana na Senegal, kumbe hao ni Wamakua, majirani zetu wa Ruvuma, wana ndugu mpaka Masasi na Mtwara.

Juu yake kuna jeneza la kwanza la Emmett Till, kijana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi 1955. Picha haziruhusiwi pale na kwa mara ya kwanza Wamarekani nawaona wametii.

msee_wa_Voi

Mdau hio ya uzito wa meli wacha tu.

Na kwa wale hawana pesa ya kwenda mbali, Nairobi hapo Moi Avenue kwa kona ya Haile Selassie kuna bustani ya 7 Agosti, pale ubalozi wa Marekani ulilipuliwa 1998. Ukuta una majina ya waliokufa Nairobi, 213. Watu wa ofisi hukaa pale lunch. Wengine wanashangaa mbona watu wanakula kwa kumbukumbu, mimi naona ni sawa, afadhali watu wakae kuliko geti na kufuli.

mwana_mtama

Haya narudi na Berlin sehemu ya pili kama nilivyoahidi.

Kila mtu atakwambia nenda ile kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, karibu na Brandenburger Tor, nguzo za zege 2,711 za Peter Eisenman, ilifunguliwa 2005. Nenda, ni bure, ukiingia katikati ardhi inashuka nguzo zinakuzidi sauti ya mji inapotea. Lakini usiishie juu unarukaruka na simu, chini yake kuna chumba cha maelezo, barua za watu, majina. Bila chumba cha chini juu ni zege.

Sasa jiwe langu. Ujerumani nzima utaona barabarani vijiwe vya shaba vya sentimita 10 kwa 10 mbele ya milango ya nyumba, vinaitwa Stolpersteine, alivianzisha Gunter Demnig, vimeshapita 100,000 Ulaya. Kila kimoja ni mtu mmoja, mbele ya nyumba aliyokuwa anaishi kabla Manazi hawajamchukua. Nenda Brunnenstraße 193, inama. Pale kuna jiwe la Mahjub bin Adam Mohamed, Wajerumani walimjua kama Bayume Mohamed Husen. Kazaliwa Dar es Salaam 1904.

Huyu bwana baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, na yeye akaingia vitani mtoto kabisa kwenye vita ya kwanza, akajeruhiwa Mahiwa 1917, Mahiwa ya kwetu Lindi. 1929 akaenda Berlin kudai mishahara yao, ya kwake na ya baba yake, wakamwambia umechelewa. Akabaki. Akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye sinema za kikoloni vile visehemu vidogo vya "boi". Akaomba nishani ya vita, wakamkatalia. 1941 akakamatwa kwa kosa la kuwa na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafia humo Novemba 1944. Jiwe lake liliwekwa 2007.

Nilifika pale kuna mvua, shaba imepakaa matope, nikatoa tishu nikaifuta, mama mmoja mzee anapita na kitoroli chake cha sokoni akasimama akasubiri nimalize, akanipa leso yake ya kitambaa nimalizie pembeni pembeni, hatukuongea maana Kijerumani changu ni cha kununulia mkate.

Kwa hiyo mtihani wangu, mjusi ana mita 13 na habari ya waliombeba unaitafuta. Huyu ana sentimita 10 na habari yote iko pale, jina, mwaka, alipochukuliwa, alipofia.

Na mkiwa na muda nendeni Neukölln mtembee barabara ya Lucy Lameck, yule mama yetu mwanasiasa wa Moshi, zamani barabara ileile iliitwa Wissmann, yule gavana wa Kijerumani wa huku kwetu, wameibadilisha 2021. Mtaa mwingine wa Berlin unaitwa Wedding, huko 2024 wameondoa jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani tuliyemuita Mkono wa Damu, kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Kibao cha barabara tu, ila nilipiga picha nikamtumia mzee wangu Mtama akanipigia hapohapo.

Kiroboto_wa_Buguruni

Sasa mkuu mjusi arudi au asirudi? Maana bungeni hii kitu imeshafika zaidi ya mara moja naisikiaga.

mwana_mtama

Mimi nitawaudhi wa kwetu. Asirudi leo. Yule anataka jengo lenye paa la mita 15, hewa ya kupimwa, mafundi wa mifupa wa kudumu, na tukimweka Dar, Lindi haitapata hata mtalii mmoja wa kumuuzia korosho. Ninachotaka kwanza ni Lindi ijengewe makumbusho, nakala ya mjusi isimame pale, zile mianzi ambazo hazijafunguliwa zifunguliwe na vijana wetu wakiwemo, na mapato wagawane. Tukishakuwa na mafundi wetu ndo tudai wenyewe. Ila mafuvu ya watu wetu waliyoyabeba, hiyo si mjadala, yarudi yote, jana.

mdau_DMV

Napinga. Ukisema "tukishajiandaa" ndo hujiandai. Kitu kikija utajenga kwa lazima. Kinshasa walipata jengo jipya 2019 kwa msaada wa Korea, wakati vitu vingi bado viko Tervuren.

Bukavu_Bruxelles

Na sasa wanatukopesha. Mdau ana haki.

PwaniKwetu

Mafuvu mmegusa. 2023 wale wa Berlin walipima mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki enzi zao, wakapata ya watu ambao ndugu zao wa damu wako Tanzania hai. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi 1900, familia inatafuta kichwa mpaka leo. Mwaka uleule Novemba rais wao Steinmeier alikuja Songea akaomba msamaha.

Kiroboto_wa_Buguruni

Basi mi ndo nimeshashawishika ila viza ya Ujerumani sina na hela sina. Nianzie wapi?

mwana_mtama

Kiroboto wewe uko Buguruni, panda daladala tu nenda Posta. Kwanza ile sanamu ya askari pale mzunguko wa Samora na Maktaba, iliwekwa 1927, kabla yake palikuwa na sanamu ya huyohuyo Wissmann aliyetolewa jina Berlin, Waingereza wakaing'oa. Kaisome kibao chake, kuna Kiswahili mpaka cha herufi za Kiarabu. Halafu Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, hapo kuna magari ya Mwalimu na habari za Zinjanthropus wa Olduvai wa 1959, kiingilio cha Mtanzania ni hela ya soda mbili tatu.

Ukipata nauli ya basi, Songea. Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, kaburi la halaiki la mashujaa walionyongwa 27 Februari 1906, na Nduna Songea Mbano mwenyewe ana kaburi lake peke yake, kichwa chake hakimo. Kila mwaka wiki hiyo ya Februari kuna kumbukumbu, wazee wa Kingoni wanakuwepo na mavazi yao. Panga safari iangukie hapo, na vyumba vya kulala weka mapema maana mji unajaa. Kigali baadaye, viza hulipii, dada wa Remera atakupokea.

dada_wa_Remera

Nitampokea. Aje na sweta.